Danio, medaka, trauti au samaki wa madimbwi: kiinitete kipi kwa swali lipi?

Chukua mayai ya danio, samaki mdogo wa maabara, yaliyotagwa asubuhi moja, uyagawe mafungu mawili. Fungu la kwanza linyime oksijeni kabisa kabla halijapita saa 25 tangu kurutubishwa. Seli zitaacha kugawanyika, moyo kama umeshaanza kudunda utasimama, na ukichungulia kwa hadubini utadhani umeua. Rudisha oksijeni baada ya saa 24, na kiinitete, yaani samaki anayejengeka ndani ya yai, kitaendelea na ujenzi wake pale pale kilipoachia. Fungu la pili lisubirishe mpaka lipite saa 50, kisha ulifanyie vivyo hivyo. Kesho yake kazi yako itakuwa kuzoa maiti. Watafiti Pamela Padilla na Mark Roth walilichapisha jambo hili mwaka 2001, na kila ninapoulizwa "mayai ya samaki yupi ni sugu zaidi?" ndilo la kwanza kunijia kichwani. Mayai ni ya mama mmoja, maji ni yale yale, na kilichobadilika ni siku moja ya umri.

Kwa hiyo ulinganisho huu hautakutajia bingwa. Nimeuandika kwa mtu anayetaka kuchagua samaki wa kufanyia kazi, iwe ni kupima maji, kuandika tasnifu, au kutotolesha vifaranga, na anayejua adha gani ya maji inamhusu: joto, upungufu wa oksijeni, ukavu, asidi au sumu. Nazungumzia maji baridi kwa maana ya mito, maziwa na madimbwi, si kwa maana ya barafu, ingawa mmoja wa wagombea wetu anaipenda hiyo barafu pia.

Wagombea

Danio (Danio rerio) ni samaki mdogo wa Asia Kusini mwenye mistari kama ya pundamilia. Yai lake lina upana wa milimita moja na ushee, na ganda lake ni angavu kiasi kwamba unaweza kuhesabu mapigo ya moyo bila kuligusa. Kwa nyuzi joto 28.5 kifaranga hutoka kati ya siku ya pili na ya tatu. Ameshika maabara tangu George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon alipochapisha kazi yake mwaka 1981, na leo taratibu nyingi za kupima mayai ya samaki zimeandikwa kwa kumfikiria yeye.

Medaka (Oryzias latipes) anatoka Japani na majirani zake, na ni mkazi wa mashamba ya mpunga. Ganda la yai lake ni gumu na lina nyuzinyuzi za kunatia. Jike hutembea na kishada cha mayai kwenye tumbo kabla ya kuyabandika kwenye mimea. Kuanguliwa huchukua wiki moja hadi siku kumi hivi kwenye joto la kawaida la maabara. Mwaka 1994 medaka wanne walipandishwa angani katika chombo cha Columbia, wakapandana, wakataga, na vifaranga wakaanguliwa huko huko. Hakuna atakayekuomba urudie jaribio hilo, lakini linaonyesha jinsi yai lake lisivyo la kudekezwa.

Trauti wa upinde wa mvua (Oncorhynchus mykiss) ni mtu wa mito ya baridi yenye kokoto. Mayai yake ni makubwa, ya rangi ya chungwa, milimita nne au tano, na hukaa chini ya changarawe kwa wiki kadhaa.

Wa nne si samaki mmoja, ni ukoo wa tabia: samaki wa madimbwi ya msimu. Wanaojulikana zaidi maabara ni Nothobranchius furzeri wa Zimbabwe na Msumbiji, na Austrofundulus limnaeus wa Venezuela. Dimbwi hujaa mvua, samaki wanaanguliwa, wanakomaa mbio mbio, wanataga kwenye matope, dimbwi linakauka, wazazi wote wanakufa. Kizazi kizima kinabaki ardhini katika umbo la yai.

Kambale na perege watakuja mwishoni, kwa ajili ya wenye matangi na mabwawa.

Joto

Hapa danio ndiye mwenye hesabu rahisi. Kati ya nyuzi 25 na 33 kiinitete chake hukua sawasawa. Kinachobadilika ni mwendo. Charles Kimmel na wenzake walitoa kanuni mwaka 1995: chukua saa za hatua fulani kwa nyuzi 28.5, ugawe kwa tokeo la 0.055 mara joto lako ukitoa 0.57. Hatua inayofikiwa saa ya 72 itafikiwa saa ya 89 hivi kwenye nyuzi 25, na saa ya 58 kwenye nyuzi 33.

Kanuni hiyo inaonekana kama jambo la vitabuni mpaka ikuumize. Niliwahi kupoteza wiki mbili kwa sababu kabati moja la joto lilikuwa nyuzi 2 chini ya jingine. Tuliamini dawa tunayoipima inachelewesha ukuaji. Kumbe ilikuwa baridi tu: kwenye nyuzi 26.5, kazi ya saa 24 inakuwa ya saa 27, na katika kiinitete cha siku moja saa tatu ni nyingi. Ukilinganisha mafungu mawili yaliyokaa kwenye joto tofauti, usilinganishe kwa saa ya ukutani. Linganisha kwa hatua ya ukuaji, la sivyo utakuwa unalinganisha mtoto na kaka yake.

Kuna jambo jingine la umri ambalo wengi huliruka. Katika saa za mwanzo kabisa kiinitete hakijaanza kutumia vinasaba vyake chenyewe. Kinaishi kwa akiba ya protini na maagizo aliyoiacha mama ndani ya yai. Kwa danio, vinasaba vyake huamka kwa nguvu karibu saa ya tatu, kinapokuwa na seli kama elfu moja. Kabla ya hapo kikipigwa na joto kali hakiwezi kutengeneza protini mpya za kujikinga, maana kiwanda chenyewe hakijafunguliwa. Joto lile lile likipigwa siku ya pili hukuta kiwanda kinafanya kazi. Basi ripoti inayosema "viinitete vilipewa nyuzi 37" bila kutaja saa haijakuambia kitu.

Trauti hana masihara na joto. Majedwali ya wafugaji yanaonyesha kuwa mayai yake huanguliwa kwa siku 80 hivi kwenye nyuzi 4.4, siku 31 kwenye nyuzi 10, na siku 19 kwenye nyuzi 15.6. Zidisha siku kwa nyuzi na utapata takriban 350, 310 na 296. Watu hupenda kusema yai la trauti lina "bajeti" maalumu ya joto. Namba hizi zinaonyesha bajeti yenyewe inapungua kadiri maji yanavyopata joto, kwa hiyo itumie kama makadirio tu. Na usidhani mwendo wa kasi ni afya: ukikaribia nyuzi 15 vifo huongezeka, na wanaotoka hutoka wadogo. Kama swali lako linahusu mito inayopata joto, trauti ndiye anayejibu mapema. Danio atakuwa bado anajisikia baridi.

Medaka anakaa katikati, na uvumilivu wake una mtego. Maji ya nyuzi 32 na zaidi wakati wa ukuaji hayaui viinitete vyake, lakini kotisoli, homoni ya msongo, hupanda na wale waliozaliwa majike kwa vinasaba hugeuka madume. Ukihesabu walio hai tu, utaandika kwamba joto hilo halikuwa na madhara.

Oksijeni

Ushindani hapa haupo. Viinitete vya Austrofundulus limnaeus vikiwa mwishoni mwa usingizi wao wa pili (nitaueleza hivi punde) vinaweza kukaa bila oksijeni yoyote kwa nyuzi 25, na inachukua takriban siku 65 kwa nusu yao kufa. Kwa joto kama hilo, hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo aliyejulikana kuzidi hapo. Jason Podrabsky wa Chuo Kikuu cha Portland State ametumia miaka mingi kuuliza wanafanyaje, na sehemu kubwa ya jibu ni kwamba wanafanya kidogo sana: wanashusha matumizi ya nishati hadi karibu na sifuri, hawajaribu kupambana. Danio hutumia mbinu ya aina hiyo hiyo, ila yeye ana siku moja tu, na ni akiwa mchanga.

Trauti yuko upande wa pili kabisa, na sababu yake ni ya kifizikia. Yai la samaki halina matamvua wala damu inayofika kwenye ganda. Oksijeni inapenya taratibu kutoka nje. Yai dogo la danio lina eneo kubwa la ngozi kwa kila tone la mwili wake. Yai la trauti ni mpira mnene wenye njaa kubwa, na maji yanayolizunguka yakisimama, tabaka jembamba lililogusana na ganda huisha oksijeni hata kama kipimo chako kwenye mto kinasoma vizuri. Ndiyo maana tope laini ni adui wake kuliko sumu nyingi: linaziba nafasi kati ya kokoto, maji hayapiti tena, na mayai yanakosa hewa katikati ya mto uliojaa hewa. Mahitaji hayo hupanda kila siku kuelekea kuanguliwa, kwa hiyo mto ulioonekana salama wiki ya kwanza unaweza kuwa kaburi wiki ya nne.

Chagua trauti basi kama unachunguza mmomonyoko wa udongo au mabwawa yanayopunguza mkondo. Chagua danio kama unataka kuona seli zikisimama na kuanza tena mbele ya macho yako. Chagua samaki wa madimbwi kama swali ni mwili unawezaje kuishi bila hewa.

Ukavu na usingizi

Kwa ukavu nitakuwa mfupi, kwa sababu watatu wa kwanza hawana la kusema. Yai la danio likikauka limekufa. Yai la medaka lenye ganda gumu hustahimili unyevunyevu kwa muda, na la trauti lililokwisha kuota macho husafirishwa likiwa limefunikwa kitu kibichi na baridi, lakini hakuna kati yao anayeweza kusubiri msimu.

Samaki wa madimbwi wanaweza, na siri yao ni usingizi wa ukuaji wenye vituo vitatu, ambao John Wourms aliupanga kwa utaratibu mwaka 1972. Kituo cha kwanza ni mapema sana, seli zikiwa zimetawanyika ovyo juu ya kiini cha yai. Cha pili ni katikati, moyo ukiwa bomba tu na mwili umeanza kugawanyika vipande. Cha tatu ni kifaranga kamili aliyejikunja ndani ya ganda akingoja maji. Kwenye kituo cha pili yai la Austrofundulus hufungika kiasi kwamba karibu halipotezi maji, na sehemu ya viinitete imevumilia zaidi ya siku 100 katika hewa yenye unyevu wa asilimia 75 hivi.

Sasa ubaya wake kwa anayechagua. Mayai ya tumbo moja hayalali pamoja wala kuamka pamoja. Mengine huruka kituo cha pili na kwenda moja kwa moja. Ni bahati nasibu ya mama, ili mvua ya uongo isimalize watoto wote kwa mpigo. Kwa dimbwi ni busara, kwa ratiba yako ni maumivu ya kichwa. Joto husaidia kidogo: viinitete vya Austrofundulus kwenye nyuzi 20 huelekea kulala, na kwenye nyuzi 30 huelekea kuruka usingizi. Hata hivyo, kama mkataba wako una miezi sita na unahitaji mayai mia mbili ya umri mmoja kila Jumatatu, hawa si wako.

Asidi na chumvi

Kiinitete cha samaki wa maji baridi kina chumvi nyingi kuliko maji yanayokizunguka, kwa hiyo kila dakika kinavuja chumvi na kuvamiwa na maji. Matamvua bado hayajaota. Kazi yote inafanywa na seli maalumu zilizotapakaa kwenye ngozi na juu ya kiini cha yai. Danio ana seli hizo zenye pampu za kusukuma asidi nje, na ndiyo maana huvumilia maji yenye asidi kuliko umbo lake dogo linavyoonyesha.

Jamaa za trauti hawana bahati hiyo. Kusini mwa Norwe mvua ya asidi ya karne iliyopita ilifuta samoni katika mito mingi, na mayai na vifaranga ndio waliokuwa kiungo dhaifu. Njia mojawapo inashangaza kwa udogo wake: ili kutoka, kifaranga hutoa kimeng'enya cha kuyeyusha ganda, na kimeng'enya hicho hufanya kazi vizuri kwenye maji ya upande wa besi, kinyume cha asidi. Asidi ikizidi, ganda haliyeyuki, na kifaranga aliyekamilika anafia mlangoni. Aluminiamu inayooshwa kutoka ardhini na asidi hiyo hiyo huongeza balaa kwa waliobahatika kutoka.

Kwa chumvi, medaka anawapita wote watatu. Ni samaki wa mto ambaye hustahimili maji ya chumvi vizuri, na kwa anayechunguza maeneo ambako mto unakutana na bahari, ama chumvi inayopanda kwenye mashamba, yeye ni chaguo la wazi. Samaki wa maabara wengi watakukatisha tamaa kabla hujafika nusu ya chumvi ya bahari.

Sumu, na ganda linalodanganya

Wengi wanaosoma hadi hapa watakuwa wanataka kupima maji yenye kemikali, na wameshamchagua danio kichwani. Hawajakosea. Mwaka 2013 OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, ilitoa mwongozo namba 236, na umejengwa juu ya danio: mayai 20 kwa kila kiwango cha kemikali, kila moja kwenye kishimo chake, nyuzi 26, saa 96. Unatazama mambo manne: yai limeganda na kuwa jeupe? vipande vya misuli ya mgongo havijajitokeza? mkia haujabanduka kutoka kwenye kiini? moyo haudundi? Moja likijibiwa ndiyo, kiinitete kimehesabiwa kufa. Matokeo yake yanakubaliana vizuri na ya samaki wakubwa kwa kemikali nyingi. Kuna na faida ya kisheria: katika Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2010 la kulinda wanyama wa majaribio linaanza kumhesabu samaki pale anapoweza kujilisha mwenyewe, na kwa danio hiyo huchukuliwa kuwa baada ya saa 120. Ujerumani ilikuwa imeshaweka yai la danio mahali pa samaki mzima katika kupima maji taka hata kabla ya mwongozo huo.

Lakini kipimo hiki kina mapofu yake, na ni afadhali uyajue kabla ya kununua samaki.

Pofu la kwanza ni ganda. Lina vitundu vidogo sana ambavyo molekuli ndogo hupita bila shida, ila zile nzito, kuanzia dalton 3,000 hivi (kipimo cha uzito wa molekuli), hubaki nje. Ukipima kemikali ya aina hiyo na kuona mayai yote yako hai siku ya pili, umepima ganda. Subiri waanguliwe, au uondoe ganda kwa kimeng'enya. Ganda pia hunasa metali. Kadimiamu hung'ang'ania juu yake, na kiinitete kilicho ndani hupata kidogo kuliko kipimo cha maji kinavyodai.

La pili ni ini ambalo bado halijakomaa. Kemikali nyingine si sumu mpaka mwili uzigeuze. Alkoholi aili ni mfano maarufu: ni kali kwa samaki mkubwa na hafifu kwa kiinitete, kwa sababu kimeng'enya cha kuigeuza bado hakijawa na nguvu. La tatu ni sumu za neva. Kiinitete ndani ya yai hakihitaji kuogelea, kukwepa wala kupumua kwa matamvua, kwa hiyo dawa inayopooza itakiacha hai huku ikimuua samaki mkubwa. Ukipima dawa za wadudu, usiishie kwenye moyo; tazama pia kujitingisha na kushtuka.

Shaba ina tabia yake. Mara nyingi haiui kiinitete, inakifungia. Inaingilia kimeng'enya kile kile cha kuyeyusha ganda, na siku ya nne unakuta vifaranga hai, wanene, wamejikunja ndani ya mayai wakati wenzao wa maji safi wameshatoka jana. Mhesabu wafu atasema hakuna tatizo.

Medaka anashinda wapi hapa? Kwenye muda. Wiki nzima ndani ya yai inakupa nafasi ya kuona sumu za polepole, na anataga kila siku. Ganda lake gumu hata hivyo ni kinga kubwa zaidi, na kuliondoa ni kazi ya mikono yenye subira. Trauti anafaa pale sheria au mto wenyewe ni wa samaki wa baridi, lakini jiandae kwa mwezi mmoja wa maji yanayotiririka. Samaki wa madimbwi waliolala usiwatumie kabisa kutafuta sumu. Kiinitete kilichozima karibu kila kitu hakina cha kuharibiwa, na ukikimwagia maji machafu kikaendelea kulala, utayapa maji hayo cheti kisichostahili. Hili nalisisitiza kwa sababu nimelisikia mara nyingi mno: "tutumie yule mgumu, asitusumbue kwa kufa ovyo." Kwa kupima maji unamtaka yule anayesumbuka.

Aliye hai si lazima awe salama

Viinitete vya danio vilivyokua kwenye oksijeni kidogo vimetoa madume kupita kiasi. Medaka wa maji ya moto tumeshawaona. Trauti aliyebanwa hewa hutoka mdogo, na mdogo mtoni ni chakula. Kwa hiyo samaki yeyote utakayemchagua, amua mapema kama utawalea wachache hadi ukubwani au utaishia kwenye hesabu ya waliotoka. Hiyo inabadilisha uchaguzi kuliko unavyodhani: medaka na danio hukomaa kwa miezi michache, trauti kwa miaka, na Nothobranchius furzeri porini anaweza kukomaa kwa wiki mbili tu. Kwa madhara yanayojificha hadi utu uzima, huyu wa mwisho anarudi mezani, mradi mayai yake uyatoe usingizini.

Uchaguzi wangu, bila kuzungusha

Mwanafunzi mwenye muda mfupi na hadubini moja: danio, bila mjadala. Kama swali ni la joto au oksijeni, punguza idadi ya viwango na uongeze idadi ya umri. Saa 2, saa 8, saa 24 na saa 48 zitakufundisha zaidi ya viwango kumi vya joto vilivyopigwa katika umri mmoja.

Anayechunguza chumvi, au sumu ya kiwango kidogo kwa muda mrefu: medaka.

Anayechunguza mto wenye baridi, tope, asidi au joto linalopanda: trauti, na aelewe kwamba kuna kipindi yai lake halishikwi. Kuanzia siku mbili hivi baada ya kurutubishwa hadi macho meusi yaonekane, mtikisiko mdogo tu unaua, na yaliyokufa hugeuka meupe kama maziwa. Nimeona watu wakilaumu maji kwa vifo vilivyoletwa na ndoo. Ondoa meupe mapema, maana ukungu huanzia kwenye maiti na kutambaa hadi kwa walio hai.

Anayetaka kujua mwisho wa uvumilivu uko wapi: samaki wa madimbwi, na avumilie ratiba yao.

Wenye matangi ya kutotolesha hawachagui kwa sababu za maabara, ila adha ni zile zile. Kambale (Clarias gariepinus) ni mwepesi: saa 57 hivi kwenye nyuzi 20, na saa 20 tu kwenye nyuzi 30. Haraka hiyo ni kinga, kwa kuwa dirisha la hatari ni fupi. Lakini mayai yake yanata, na yakilundikana yale ya chini yanakosa hewa na kuoza, yakiambukiza ya juu usiku mmoja. Yatandaze safu moja na maji yapite. Wala usitegemee ule uwezo wake maarufu wa kuvuta hewa ya juu. Kifaranga hana kiungo hicho mpaka wiki kadhaa baadaye, na hadi hapo ni samaki wa kawaida anayeweza kufa kwa kukosa hewa majini.

Perege (Oreochromis niloticus) hutaga machache, makubwa, na mama huyabeba mdomoni akiyageuzageuza. Ukimnyang'anya, kazi hiyo inakuwa yako: mayai yake huzama, na yakitulia chini hukosa hewa, kwa hiyo chupa ya kutotoleshea lazima iwe na mkondo unaoyazungusha taratibu siku tatu au nne mfululizo. Umeme wako ukiwa wa kukatika, mwachie mama mayai yake. Umeme ukiwa wa uhakika na unataka vifaranga wa umri mmoja, nyang'anya, ila joto lisizidi. Nyuzi 36 zikidumu kuanzia siku kumi hivi baada ya kurutubishwa zinaweza kukupa madume wengi kuliko ulivyopanga, na wengine huliita hilo faida mpaka siku watakapohitaji majike wa kutaga.